Kipande cha Odowa Nilichonyimwa

Katika siku zote nilizokubeba tumboni, mwanangu, ipo moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote. Ni siku niliyonyimwa kitu na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukiuza.

Leo, unapolala kwenye mkeka hapa mbele yangu, una miaka mitatu, na mimi sijawa mzee. Lakini haya ninayokuandikia nilipewa na wazee, na mzigo wa mzee hautupwi njiani. Siku yako itakapofika, Mungu akipenda, utayasoma. Ningeweza kungoja nikuambie kwa mdomo, ila najijua. Mambo kama haya mdomo wangu huyakimbia, na utaona jinsi aibu hiyo ilivyokaribia kutuangamiza sote wawili.

Nilikuja hapa Usenge, ufuoni mwa Ziwa Victoria, kuolewa na baba yako nikitoka upande wa Kombewa, kule Seme. Ndiyo maana hadi leo hakuna anayeniita kwa jina langu ufuoni. Wote husema Nyar Seme, yaani binti wa Seme. Baba yako alikuwa, kama alivyo sasa, fundi wa injini za mashua. Mimi nilianika omena, wale dagaa wa ziwani, pamoja na nyanya yako, mama yake. Kazi yenyewe unaijua. Unatandaza neti mchangani, unamwaga omena, unaitawanya kwa mikono. Jua likizidi unaigeuza, na mvua ikitisha unaikusanya mbio.

Nilipopata mimba yako, kitu cha kwanza kunigeuka kilikuwa pua. Omena, niliyoinusa tangu utotoni, ikawa adui. Niliianika huku nimejifunga leso puani, na wanawake wenzangu wakapata la kusema.

"Huyu Nyar Seme ameanza kuona samaki wananuka," alisema mmoja. "Haya, tutaambiwa lini?"

Nikaikaza leso tu. Kwetu mimba haitangazwi. Tumbo lenyewe ndilo husema, likishindwa kunyamaza. Na mimi nilikuwa na aibu kupita desturi.

Samaki nikaacha kula. Mboga zikawa chungu mdomoni. Kitu kimoja tu ndicho kilichoniita, nacho ni udongo. Sijui nitakuelezaje, mwanangu. Matone ya kwanza ya mvua yalipopiga vumbi, harufu iliyopanda ilinijaza mate kama mtoto aliyeona mandazi. Nikaanza kununua odowa sokoni, yale mawe laini ya udongo ambayo wajawazito wengi huku kwetu hutafuna. Nilianza na kipande kimoja kwa siku. Halafu viwili. Halafu nikawa nakifunga kwenye pindo la leso na kukitafuna kila mtu akigeuka.

Odowa iliponiishia kabla ya siku ya soko, niligundua ukuta.

Jiko la nyanya yako lilikuwa la udongo. Nyuma ya mlango, mahali ambapo mvua hupenya kidogo, ukuta ulikuwa na unyevunyevu na harufu ileile ya mvua. Nilianza kwa ukucha mmoja. Baada ya wiki tatu palikuwa na shimo la kuingiza ngumi.

Nyanya yako aliliona. Akainama, akalichungulia, akalinusa.

"Panya," akasema. "Na si panya mdogo."

Akanunua mtego, akautega palepale nyuma ya mlango na kipande cha samaki mkavu ndani yake. Kila asubuhi aliukuta mtego uko vilevile na shimo limepanuka.

"Huyu panya ana akili ya mtu," alimwambia baba yako wakati wa chai. "Samaki hataki. Anakula nyumba."

Baba yako alicheka hadi chai ikamwagika. Mimi nilitazama ndani ya kikombe changu.

Cheka tu, mwanangu. Hata mimi sasa nacheka. Lakini siku zile mwili wangu ulikuwa ukiniita na sikuitika. Nikibeba ndoo ya omena hatua chache, moyo ulikimbia kama wa mtu aliyefukuzwa na kiboko. Nikiinuka kwa haraka, ziwa lilipanda juu na mbingu ikashuka chini. Kichwa kiligonga. Nilichoka nikiamka, nikachoka nikilala. Nilijiambia, mimba ndiyo hivyo. Nilikuwa nimesikia wanawake wakisema kwamba mimba huchosha, basi kila kilichonipata nikakitia kwenye kapu hilo moja.

Kliniki nilikuwa nimekwenda mara moja tu. Muuguzi alinipa neti ya mbu na vidonge vya kuongeza damu, akaniambia nirudi baada ya wiki nne. Vile vidonge vilinichafua tumbo, na nilipoona choo changu kimekuwa cheusi niliogopa, nikadhani vinaniua. Ningemuuliza nani? Kumuuliza mtu habari za choo changu nilikuona sawa na kuvua nguo sokoni. Nikavificha kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, na kliniki sikurudi. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, na kwenye mtihani niliiandika bila kosa. Lakini kuijua methali si kuisikia.

Basi ikafika hiyo siku ninayoisema. Ilikuwa siku ya soko, mimba ikiwa mwezi wa sita.

Aliyekuwa akiniuzia odowa ni Mama Apiyo. Unamjua, ndiye yule anayekuletea ndizi. Aliketi chini ya turubai la buluu na ungo wa odowa, ndimu na chumvi, na sauti yake ungeisikia hata ukiwa kati ya ziwa. Aliniona kabla sijamwona.

"Nyar Seme! Karibu. Leo ni za kijivu ama nyekundu?"

"Kijivu."

"Ngapi?"

Kama kawaida yangu sikusema. Nilinyoosha mkono tu, kiganja juu.

Akachagua kipande kizuri, laini, chenye umbo la yai la bata. Akakileta karibu na kiganja changu. Hapo mkono wake ukasimama hewani. Alikitazama kiganja changu, akanitazama usoni, akarudi tena kwenye kiganja. Kisha akaweka mkono wake sambamba na wangu juani. Wake, pamoja na uzee na vumbi la soko, ulikuwa na wekundu chini ya ngozi. Wangu ulikuwa mweupe kama tumbo la samaki.

Akakitia kile kipande mfukoni mwa aproni yake.

"Sikuuzii."

"Pesa ninayo, Mama."

"Nimekuuliza pesa? Nimesema sikuuzii."

Jirani yake, mama mmoja wa kuuza nyanya, akaangua kicheko. "Mama Apiyo, leo umeokoka? Tangu lini mtu wa biashara akafukuza mteja?"

"Uza nyanya zako wewe, zinaoza."

Watu waligeuka kutazama. Nilitamani ardhi ileile niliyokuwa nikiila inile mimi. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla ya hapo wala baada yake: nikamjibu mzee vibaya.

"Basi nitanunua kwa mwingine."

"Nenda," akasema, wala hakukasirika. "Huko chini wako watatu wanauza. Lakini keti kwanza nikuambie kitu kimoja, halafu uende."

Nikaketi kwenye gunia lililokuwa kando yake. Sauti yake, ile ya kuvuka ziwa, ikashuka hadi nikalazimika kumsogelea.

"Kulikuwa na msichana kama wewe. Mkimya. Alikuja kila soko, ananyoosha mkono hivi hivi. Nilikuwa naona huo mkono unakuwa mweupe mwezi baada ya mwezi. Nilikuwa naona, nyathina." Aliniita hivyo kwa Dholuo, mtoto wangu. "Nikasema, hayo si yangu, ana mume, ana mama mkwe. Nikamwekea odowa mkononi. Alienda kuzaa. Damu ikatoka, si nyingi sana, ile ambayo mwanamke mwingine anaitoa na bado anaamka. Yeye hakuwa na ya kutoa. Mtoto alirudi nyumbani mikononi mwa nyanya yake. Yeye alirudi kwenye sanduku."

Yule muuza nyanya alikuwa ameacha kucheka. "Lakini Mama Apiyo, hukumuuzia sumu," akasema kwa upole. "Watu wamekula odowa tangu zamani."

"Ndiyo. Na tangu zamani tumezika. Nani amewahi kukaa chini akaviweka hivyo viwili pamoja?"

Akainuka, akajifuta vumbi, akamwambia jirani yake amwangalizie ungo.

"Twende," akaniambia.

"Wapi, Mama?"

"Wapi tena? Kwenye harusi?"

Tulitembea polepole hadi kwenye kituo cha afya, tukipumzika kila palipokuwa na kivuli. Njiani hakunisemesha sana. Alinishika kiwiko tu, kama mtu anayebeba mayai.

Muuguzi alinishusha kope ya chini kwa kidole gumba na kutazama ndani. Akanichoma kidole, akaichukua ile damu kidogo, akaenda, akarudi na uso ambao haukuwa na mzaha.

"Damu yako iko chini sana, mama," akasema. "Unakula nini?"

Nilimtazama Mama Apiyo ili anisemee. Naye, mwanamke yule ambaye hajawahi kukosa la kusema, akatazama dirishani. Nilimwona ameuma midomo kwa nguvu. Baadaye nilielewa. Angeweza kunipeleka hadi pale kwa miguu yangu, ila hilo neno lilikuwa langu.

"Udongo," nikasema. "Odowa." Na kwa kuwa mlango ulishafunguka, yote yakatoka. "Na ukuta pia."

"Ukuta wa nani?"

"Wa mama mkwe."

Muuguzi alijaribu kujizuia. Akashindwa. Alicheka, Mama Apiyo akacheka akijipiga mapaja, na mimi katikati yao nikajikuta nacheka huku machozi yananitiririka. Aibu niliyoibeba miezi sita ilianguka chini kama gunia lililokatika kamba. Nikasema habari za vidonge, nikasema habari za choo, na nyumba haikuanguka. "Vidonge vya damu hufanya choo kuwa cheusi," alinijibu muuguzi, kwa urahisi kama anayesema mvua hulowesha. "Ni kawaida. Humtokea kila mtu. Mbona hukuniuliza?"

Nilimbeba mtu tumboni, nikakaribia kumpoteza, kwa sababu ya swali ambalo jibu lake lilikuwa jepesi hivyo.

Kisha akaniambia nilale. Akanipaka kitu baridi tumboni, akatoa kifaa kidogo kama redio, akakitembeza huku na huku. Kwanza zilisikika kelele za upepo tu. Halafu, kwa mbali, nikasikia injini.

Mwanangu, mimi ni mke wa fundi. Nimeishi ufuoni na sauti za injini masikioni mwangu kutwa, naijua iliyo nzima na iliyo na tatizo. Niligeuza kichwa kuelekea dirisha, nikidhani kuna mashua inakuja.

"Usitazame nje," muuguzi akasema. "Huyo ni mtoto wako. Ni moyo."

Ulikuwa unakimbia! Haraka, haraka, bila kuyumba, kama anayejua anakokwenda. Baba yako huivuta kamba mara tano, mara kumi, akitukana kidogo, ndipo injini iwake. Hii nani aliivuta kamba? Nilikuwa nikianika omena, nikikosana na pua yangu, nikikwangua ukuta wa watu, na wakati wote huo ndani yangu giza lilikuwa limeweka moyo mzima, ukawashwa, ukaanza safari. Sikuwa nimefanya lolote kustahili. Hata sasa nikiusikia moyo wako ukiwa umelala kifuani pangu, nahisi kama niko mbele ya kitu ambacho ningepaswa kuvua viatu.

"Anajenga damu yake kutoka kwako," muuguzi alisema, akikizima kile kifaa. "Wewe unamletea nini? Ukuta?"

Alinieleza kwa subira. Damu ikipungua, mwili wa mwingine huanza kutamani udongo, na ule udongo ukiliwa unazuia chakula kuingia kwenye damu, basi unatamani zaidi. Tena unaleta minyoo. Alinipa dawa ya minyoo, akanirudishia vidonge. Akaniambia nivimeze baada ya kula, kwa maji yenye ndimu au kwa chungwa, nisivimeze kwa chai, kwa sababu chai nayo huzuia. Nirudi baada ya wiki mbili. Damu isipopanda atanipeleka hospitali kubwa. Na moyo ukienda mbio hata nikiwa nimeketi, nisingoje wiki mbili, nije siku hiyohiyo.

Tulipofika kwenye njia ya kwetu, Mama Apiyo aliniachia kiwiko.

"Habari ya ukuta utaisema mwenyewe."

"Naogopa, Mama."

"Ogopa, halafu useme. Mtu haambiwi asiogope."

Nilimkuta nyanya yako jikoni, amepiga magoti nyuma ya mlango, anabadilisha samaki kwenye mtego. Alikuwa amenipa mgongo. Nafikiri kama ningeuona uso wake nisingeweza.

"Mama," nikasema, "usitege tena. Panya ni mimi."

Hakugeuka. Alikiweka chini kile kisamaki. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alipogeuka, alikuwa akicheka bila sauti, na kweli machozi yalikuwepo pia.

"Na mimi nimekuwa nikikuwekea samaki," akasema.

Aliniketisha kwenye kigoda chake mwenyewe, ambacho sikuwahi kukikalia. Akaniambia alipokuwa na mimba ya baba yako alikuwa akienda kwenye kichuguu nyuma ya zizi, akidai anatafuta kuni. Alijua nina mimba tangu siku ya leso puani. Alingoja nimwambie. Na mimi nilikuwa nikingoja aniulize. Hivyo tuliishi ua mmoja, kila mmoja akimheshimu mwenzake kwa kunyamaza, na heshima hiyo nzuri ikakaribia kunizika. Heshima ni kitu chema, mwanangu, ila isiwe pazia la kuficha mgonjwa.

Jioni ile tulikanda udongo pamoja, tukaliziba lile shimo. Yeye ndiye aliyepaka. Mimi hakuniacha niushike bila kunitazama mdomoni. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilimtania: "Na usipoulisha ujauzito utakula ukuta." Alinitupia kidonge cha tope.

Usidhani yaliisha hapo. Wiki ile ile mvua ilinyesha, na harufu ikapanda, nikajikuta nimesimama nyuma ya mlango na kucha zangu zimeshagusa. Nilimwita nyanya yako kwa sauti. Alikuja na ndimu iliyokatwa, akaipaka chumvi, akanipa niinyonye, akasimama nami hadi mvua ilipoacha. Ilikuwa hivyo mara nyingi. Omena alikuwa akiiosha kwa maji moto na ndimu, akiichemsha na nyanya hadi pua yangu ikakubali. Siku nilizoshindwa kabisa aliikausha, akaisaga, akaichanganya na uji kidogo. Tulikula osuga na akeyo, mboga zetu za huku zinazoota hata nyuma ya nyumba, na maharagwe, na yai likipatikana. Ndoo za omena alibeba mwingine. Mchana nililala kwa ubavu saa nzima, na wanawake wa ufuoni walipouliza nimekuwa malkia tangu lini, nyanya yako aliwajibu, "Tangu panya alipokamatwa." Hawakuelewa, wala hatukuwaeleza.

Nilipoanza kupata nguvu ndipo nilipopata nafasi ya kushangaa. Mstari mweusi ulichorwa kutoka kitovuni kwangu kwenda chini, umenyooka, na sikuona mkono uliouchora. Matiti yaliandaa chakula cha mgeni ambaye bado hajafika. Nililia kwa sababu kuku alimpiga teke kifaranga wake, na dakika iliyofuata nikacheka. Baba yako alikuwa akiniangalia kama injini ya aina asiyoijua. Alipowasha injini yoyote karibu, wewe uliruka. Alikuja akaweka mkono wenye mafuta juu ya tumbo, ukampiga, akauondoa mkono haraka. Alama ya mafuta ilibaki kwenye gauni lile. Sijaitoa.

Uchungu ulinianza alasiri, nikapelekwa hospitali mapema kwa sababu safari hii nilisema mapema. Ukazaliwa jua likichomoza, ndiyo maana unaitwa Akinyi, mtoto wa asubuhi. Ulilia. Halafu, nikiwa bado nakutazama, niliona wauguzi wameanza kutembea haraka. Nilikuwa nikitoka damu. Walinisugua tumbo kwa nguvu, wakanichoma sindano, wakaniita jina langu, lile ambalo hakuna anayeniita Usenge. Chumba kilienda mbali, kikarudi.

Baadaye, damu ilipotulia, mkunga mmoja aliketi kando yangu akiwa na kadi yangu ya kliniki. Alifuata kwa kidole namba za damu zilizoandikwa humo, kutoka ile ya siku ya soko hadi ya mwisho.

"Kama ungekuja na hii," akasema, kidole kikiwa kwenye ile ya siku ya soko, "leo ningekuwa naongea na mumeo."

Nilijua basi kile nilichopewa sokoni siku niliyonyimwa.

Mama Apiyo alikuja kutuona ulipokuwa na siku nne. Alikushika mkono, akaufungua, akakitazama kiganja chako juani kwa muda. Kilikuwa chekundu kama kitunguu. Ndipo akatia mkono kwenye aproni, akatoa kile kipande cha odowa chenye umbo la yai la bata.

"Hiki ndicho nilichokunyima," akaniambia. "Sikuweza kumuuzia mtu mwingine. Kaa nacho. Sasa kinaweza kukaa nyumbani mwako, hakitakushinda."

Bado anauza odowa, mwanangu, sitakuficha. Ndiyo kazi aliyo nayo. Lakini msichana hanunui kwake kabla ya kufungua kiganja. Wengine humtukana na kwenda kwa wale watatu wa chini. Wengine huketi kwenye gunia.

Na kile kipande? Kilikaa juu ya dirisha la jiko hadi ulipoanza kutembea. Siku moja nilikukuta umekipata, umekaa nyuma ya mlango, mbele ya lile shimo tulilolikandika. Nilidhani unakila. Kumbe ulikuwa unachorea ukutani. Ulichora duara, ukachora vijiti viwili chini yake, ukaniambia, "Mama." Sijaufuta mchoro huo. Nyanya yako naye hajakubali ukuta ule upakwe upya.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Mwili wako utakapobadilika, shangaa, lakini usinyamaze. Mengi yatakayokujia ni ya kawaida, na mengine ni mwito, na huwezi kuyatenganisha peke yako gizani. Uliza. Hakuna swali la aibu kuliko jeneza. Nenda kliniki mapema, na urudi kila unapoambiwa, hata kama unajisikia mzima. Lala ndani ya neti, maana mbu wa ziwa hawamheshimu mjamzito. Kula samaki wa kwenu na mboga za kwenu. Pumzika bila kuomba msamaha. Kichwa kikiuma kisikome, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, ukitoka damu au maji, homa ikikushika, au mtoto akiacha kucheza, usingoje kesho wala usingoje kuulizwa. Nenda. Na ukimwona mwenzako ananyoosha kiganja cheupe, usiseme hayo si yangu.

Mungu akupe, Akinyi wangu, viganja vyekundu na pumzi ndefu. Akupe mama mkwe wa kucheka naye na mume asiyeogopa kuweka mkono. Akupe, siku utakayotaka kitu cha kukudhuru, mtu mwenye upendo wa kukunyima. Na utakapousikia kwa mara ya kwanza ule moyo mdogo ukikimbia ndani yako, ujue kwamba mimi pia nilisimama hapo, nikasikia wako, na hadi leo sijamaliza kushangaa.